Mstari wa 18



Ukikaa Huruma miaka michache, bajeti ya mazishi unaijua kwa kichwa. Bili ya hospitali, mochari, jeneza, gari la mwili, gari la waombolezaji, hema, viti, vyombo vya sauti, ng'ombe, mchele, sukari, majani chai, karatasi za wasifu, fulana zenye picha ya marehemu. Mtoto wa darasa la sita hapa mtaani anaweza kukalia kiti cha katibu akaandika yote bila kuuliza mtu.

Bajeti ya ndugu yetu tuliyemzika mwezi wa kumi ilikuwa na mistari 17. Jumla yake ilikuwa shilingi 284,000, na mlizichanga, Mungu awabariki. Wengi wenu hamkumjua hata kwa sura. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi Light Industries, mtu wa kukaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Ukiona mlango wa kanisa letu unafunga bila kusukumwa kwa bega, ujue ni mkono wake.

Mkutano wa mwisho wa kamati ulipokuwa unafungwa, mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango, mwenyewe mjane wa miaka mingi, aliuliza neno moja tu: "Na kurudi?" Mweka hazina akamjibu kwamba mafuta ya gari ni ya kwenda na kurudi, yamo kwenye mstari wa 5. Mama akatikisa kichwa, akajifunga leso yake vizuri, akanyamaza. Tukaomba, tukaenda zetu.

Leo nataka kuwaandikia habari za huko kurudi. Dada yetu aliyefiwa amenipa ruhusa. Jina lake nimeliacha.

Safari ya kwenda sitaieleza sana. Mnakumbuka wiki ile ilivyokuwa. Raila Odinga alifariki India tarehe 15 Oktoba, siku ya Jumatano, akiwa na umri wa miaka 80, na nchi nzima ikasimama. Alhamisi watu walifurika Kasarani, Ijumaa ikatangazwa kuwa mapumziko na ibada ikafanyika uwanja wa Nyayo, Jumamosi mwili ukapelekwa Kisumu, Jumapili tarehe 19 akazikwa Bondo. Sisi tuliondoka Nairobi Alhamisi usiku na jeneza letu, tukielekea Luanda, kaunti ya Vihiga, katikati ya maombolezo hayo yote. Njiani watu walikuwa wakiona gari la mwili na kutupungia matawi, wakidhani tuna uhusiano na msiba ule mkubwa. Tukawapungia pia. Msiba ni msiba.

Tulimzika ndugu yetu Jumamosi. Walikuja watu kama 200, na si haba kwa siku ambayo kila mwenye miguu alikuwa Kisumu. Jumapili tukaabudu na kanisa la pale nyumbani. Jumatatu, tarehe 20, Siku ya Mashujaa, tukaanza kurudi.

Sasa, gari linalorudi kutoka Magharibi mnalijua. Gari la kanisa lina viti 14, lakini asubuhi ile lilikuwa na ndizi mikungu mitatu, viazi vitamu, unga wa mtama, karanga, na kuku wanne waliofungwa miguu chini ya kiti cha nyuma. Mmoja alikuwa jogoo wangu. Mchungaji haruhusiwi kutoka Luanda bila jogoo. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Tuliomba, tukanywa chai, na saa moja asubuhi tukaingia barabarani, mimi na mzee mmoja wa kanisa tukipokezana usukani.

Pale Maseno tunavuka ikweta, watoto wakapiga kelele kama kawaida. Kisian ndipo barabara ya Bondo inapoungana na ile ya Busia, na hapo tukakutana na nchi yote ikirudi. Magari yenye bendera, mabasi yenye matawi yaliyokauka kwenye vioo, watu waliolala wakiwa wameketi, sauti zimewakauka kwa kulia na kuimba. Tulitumia muda mrefu kuingia na kutoka Kisumu. Redioni walikuwa wakieleza nani alihudhuria, nani alihutubia, umati ulikuwa mkubwa namna gani. Mimi siasa siingii, mnanijua. Lakini niliwaza kwamba hata katika ile nyumba kubwa, Jumatatu ile kulikuwa na watu walioamka wakakuta hema linafunguliwa na viti vinahesabiwa.

Ahero, Awasi, tukapanda Kericho. Mvua ilitukuta kwenye majani chai, ile mvua ya Kericho isiyouliza mtu. Pale Londiani Junction mzee aliniomba nipunguze mwendo, tukaomba tukiwa tunatembea. Ni pale ambapo lori liliacha barabara tarehe 30 Juni 2023 likawapitia abiria na wachuuzi, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kisha Mau Summit, kisha ule mteremko wa kuelekea Salgaa. Wanaokumbuka Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, watu 36, wataelewa kwa nini gari zima lilinyamaza. Sasa kuna ukuta wa zege katikati ya barabara pale, na mimi kila nikiuona namshukuru Mungu na aliyeumwaga. Nakuru tukasimama, tukatia mafuta, tukala.

Na hapa ndipo habari yangu inapoanza.

Ukitoka Nakuru siku ya mwisho ya safari, gari hubadilika. Waliokuwa wamelala wanaamka. Gilgil simu zinatoka mifukoni: "Tuko Gilgil, weka maji ya kuoga." "Mwambie asifunge duka, nafika." "Ugali usiupike saa hizi, utapoa." Mtu anasahau hata mgongo unaouma. Ni furaha halali, wala siisemi vibaya. Zaburi yenyewe inaimba habari za kutoka na za kuingia.

Mimi nilikuwa kwenye usukani, kwa hiyo nilikuwa na kile kioo cha juu. Na kwenye kioo niliona kwamba kadiri watu walivyochangamka, dada yetu alizidi kupungua. Kule Luanda alikuwa amelia, amezungumza, hata amecheka na mashemeji. Kufika Naivasha alikuwa amemshika mtoto mdogo kama mtu anayeshikilia chuma cha matatu. Simu yake ilikuwa mapajani, haina wa kupigiwa. Mtu aliyekuwa akimpigia kutoka Naivasha miaka 9, ili aje na mkokoteni steji kuchukua mizigo, tulikuwa tumemwacha Luanda chini ya udongo.

Mama yule wa "na kurudi" alikuwa amekaa naye kiti kimoja. Nikasikia anamuuliza polepole, na dada yetu akajibu kwa sauti ambayo haikuwa ya siri tena: "Mama, nikifika pale mlangoni nitaingiaje?"

Lilikuwa swali moja lenye mambo mawili ndani yake, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza unaweza kulikisia. Nyumba ni chumba kimoja, gorofa ya nne. Hakuna chumba kingine cha kukimbilia. Kitanda ni kile kile, na nguo za kazi za marehemu zimetundikwa nyuma ya mlango. La pili ni kufuli. Alipokuwa hospitalini na mume wiki tatu, vibarua vya kufua nguo Eastleigh vilipata watu wengine. Kodi ya Septemba ilibaki shilingi 2,000, na ya Oktoba yote, 5,500. Msimamizi wa ploti alikuwa ametuma ujumbe Jumapili, akatoa pole kwanza, kisha akasema mwenye nyumba ameagiza. Mkazi wa Huruma hahitaji kuelezwa mwenye nyumba huagiza nini.

Shilingi 284,000, wapendwa. Mistari 17. Fulana peke yake zilikuwa 12,000.

Simlaumu mtu. Mkononi mwa kamati kulikuwa na msiba, na msiba una haraka. Mochari inahesabu siku. Ila nawaza namna wazee wetu walivyofanya. Katika jamii nyingi za Magharibi, baada ya kuzika watu hawakutawanyika tu. Waliketi siku iliyofuata au ya tatu, wakaulizana nani anamdai marehemu, nani alikuwa na deni lake, watoto watakaa na nani, mjane atalima wapi. Mengine waliyoamua hapo hatuyafuati kwa sababu ya imani yetu, na ni sawa. Lakini kikao chenyewe kilikuwa na akili. Sisi wa mjini tunazika saa nane na saa tisa tunatafuta gari, kwa sababu Jumatatu kuna kazi. Kikao kimekufa, na maswali yake yote yanamfuata mjane ndani ya matatu.

Fungua kitabu cha Ruthu ukihesabu nami. Kina sura 4. Elimeleki anafariki mstari wa 3 wa sura ya kwanza, na kufikia mstari wa 5 wanawe wawili nao hawapo. Mazishi matatu, na Biblia haisemi hata neno moja kuhusu umati, wala nani alihutubia, wala walichinja nini. Kisha mstari wa 6 Naomi anaanza kurudi nyumbani, na kitabu kizima kilichobaki, karibu sura nne, ni habari za huko kurudi. Watakula nini? Ruthu ataokota masuke katika shamba la nani? Je, atakuwa salama akiwa shambani? Ile ardhi ya marehemu ni ya nani? Roho Mtakatifu angeweza kutuandikia mazishi, akatuandikia kodi na chakula.

Na tazama alivyopokewa Bethlehemu. Mji wote ulitaharuki, wanawake wakaulizana kama kweli ni yeye. Mapokezi makubwa. Lakini Naomi akawakataza kumwita kwa jina lake zuri, akachagua jina la uchungu. Nimehubiri andiko hilo mara nyingi. Siku ile nililiona kwenye kioo cha gari, kati ya Naivasha na Kinungi.

Ukipanda barabara ya juu, upande wako wa kulia bonde lote linafunguka, na chini kule ni Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kijiji cha Kamuchiri yakabeba watu na nyumba zao. Sisi wa Huruma tarehe hiyo tunaijua kwa sababu yetu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua, jengo la gorofa sita lililokuwa kando ya mto liliporomoka hapa kwetu, na watu wapatao 50 wakafa. Mnakumbuka zile siku: jeshi, Msalaba Mwekundu, kamera, viongozi. Mtoto mchanga akatolewa hai baada ya siku zaidi ya tatu, na siku ya sita wengine wanne wakatolewa hai, mtaa mzima ukaimba. Nilikuwepo. Na nakumbuka pia wiki ya tatu, kamera zimeenda, nikikutana na baba wa watu kwenye Juja Road akiwa amebeba godoro la msaada begani. Nilimuuliza analipeleka wapi. Akaniambia, "Hata mimi ndiyo nafikiria, Mchungaji."

Basi tukafika Soko Mjinga. Kila gari la Nairobi husimama pale: viazi, karoti, kabichi, kitunguu cha majani. Sisi nasi tukasimama. Watu wameshaanza kuteremka, Mama akasimama mlangoni akauziba. Ni mwanamke mfupi lakini mlango aliuziba.

"Leo hakuna mtu kununua viazi," akasema.

Watu wakacheka.

"Nimesema. Kila mtu zile pesa alizokuwa anunue nazo viazi aziweke hapa." Akaivua kofia ya mzee kichwani mwake bila kuomba, akaipitisha. Dada yetu alijifunika uso kwa leso. Kofia ilipozunguka ilikuwa na shilingi 4,350. Mama akamgeukia mweka hazina: "Mafuta yamebaki ngapi?" Akasema 2,100, lakini pesa hizo zinahitaji uamuzi wa kamati. Mama akatazama nyuma, akatazama mbele, akahesabu vichwa. "Kamati si ndiyo hii iko ndani ya gari? Wanaokubali wainue mikono." Hata watoto waliinua.

Ikawa 6,450. Imebaki 1,050. Na ndipo mzee, ambaye hadi wakati huo hakuwa na kofia wala neno, akasema atamnunua jogoo wangu kwa 1,050, bei ambayo hakuna jogoo wa Luanda amewahi kuifikia tangu dunia iumbwe. Niliuza. Nawasihi mumuulize mzee kama alikuwa mtamu.

Tulishuka Rironi giza likiingia, Waiyaki Way imejaa, Museum Hill imejaa, Pangani imejaa. Juja Road mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, taa za Mathare upande wa kushoto zikiwaka moja moja. Saa mbili na nusu usiku tulikuwa Huruma. Kila mtu angeweza kushuka steji yake akaenda kuoga yale maji aliyoagizia Gilgil. Hakushuka mtu. Tuliegesha, tukapanda ngazi zote wanne na nusu, wale wenye simu wakimulika, mwingine amebeba ndizi, mwingine amembeba mtoto aliyelala.

Kufuli la pili lilikuwepo.

Msimamizi wa ploti aliitwa, akapanda na daftari lake. Ni kijana tu, naye ameajiriwa, na niliona kwamba hakuwa na furaha na kazi ile. Akalipwa 7,500, akaandika, akatoa risiti, akafungua kufuli akalitia mfukoni. Majirani wa gorofa ile walikuwa wamefungua milango yao, mmoja akaleta jiko lililowaka tayari, maana hakujua tungefika saa ngapi lakini alijua tungefika.

Mlango ukawa wazi, na dada yetu akabaki amesimama pale nje. Hakuna aliyemsukuma. Mama akavua viatu, akaingia yeye kwanza. Tulimsikia akitafuta swichi ukutani. Taa ikawaka. Akatoa yale mavazi ya kazi nyuma ya mlango, miwani ya kuchomelea na glavu, akayakunja vizuri, akayaweka juu ya kabati, mahali ambapo ataonekana lakini hatakuwa wa kwanza kuonekana. Akatandika kitanda upya, upande wa ukutani akaweka mto wake mwenyewe aliokuja nao kutoka Luanda. Kisha akatoka mlangoni akanyoosha mkono.

Alilala pale usiku tatu. Usiku wa nne dada yetu alimwambia arudi kwake, amefanya vya kutosha.

Mitume walipoletewa malalamiko ya wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku, habari iko Matendo 6, hawakusema suala hilo ni dogo. Walichagua watu saba, wenye sifa njema, waliojaa Roho, kwa ajili ya chakula. Nimezungumza na wazee wa kanisa, na hatuna haja ya watu saba kwa sasa; tuna Mama, na amekubali wawili wa kumsaidia.

Alhamisi hii saa kumi na mbili jioni kamati inakaa tena kanisani. Ndugu wa familia moja ya cell ya Ngei amelala, mwili unasafirishwa Kitui wiki ijayo. Bajeti imeandaliwa, fulana zimeondolewa kwa makubaliano ya familia, na kuna mstari wa 18, unaoitwa "siku ya kurudi": kodi ya miezi miwili, unga, gesi, na mtu wa kulala na familia usiku tatu za kwanza. Pesa za mstari huo zitakusanywa kwanza, kabla ya jeneza. Wanaotaka kuandika majina yao kwa ajili ya kulala waje mapema, akina dada kwa akina baba wanaoweza kubeba mizigo ngazini. Kalamu atashika dada yetu.